Benchi la Mkwe na Kikombe cha Mkojo

Mliniaga kwa hotuba nzuri mno, na hotuba nzuri mimi huwa nazishuku. Mmoja alisema nilikuwa hazina ya kituo cha afya, mwingine akasema nilikuwa baba, na hakuna hata mmoja aliyesema ukweli ambao wote mliujua: kwamba nilikuwa mzee msumbufu, anayerudisha majibu ya maabara na kuuliza ni nani aliyeshika kikombe. Soda zilipokwisha, baadhi yenu mlinifuata getini mkaniomba niwaandikie machache ya kazi. Sikuwaamini, nilidhani mnanifariji. Lakini juzi nilipita kituoni nikaona kitu kimoja kilichonikera sana, ndiyo maana nimekaa hapa nyumbani Kyimo, mvua inapiga bati, nikiandika. Kitu chenyewe nitakifikia mwishoni, kwa sababu nikikitaja sasa mtaona nimezeeka vibaya.

Vyeo na semina sitavigusa. Nilianza nikiwa afisa tabibu na nimemaliza nikiwa afisa tabibu. Wagonjwa waliniita dokta, nami sikubishana nao, kwa kuwa mtu mwenye maumivu hapendi kusahihishwa. Kuhusu tabia yangu, mke wangu anasema nilizaliwa nikimshuku mkunga. Yeye amenivumilia miaka yote hiyo, kwa hiyo neno lake nalichukua.

Siku ya kwanza kazini nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Aliyenipokea ni mzee Asajile, tabibu wa siku nyingi, mfupi, mwenye sweta la kijani ambalo alilivaa chini ya koti mwaka mzima, maana baridi ya kwetu mnaijua. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mkulima wa viazi mwenye homa. Nikamwandikia kila kipimo nilichokikumbuka kutoka chuoni: damu, choo, mkojo, hata makohozi, ingawa yule bwana hakuwa amekohoa hata mara moja. Mzee Asajile akaichukua karatasi, akaisoma bila haraka, kisha akanivuta pembeni.

"Kwa kila kimoja hapa," akasema, "niambie utafanya nini majibu yakija hivi, na utafanya nini yakija vile. Kama ni kilekile, mwache mtu na damu yake."

Nikajaribu kujibu, nikakwama kwenye cha kwanza. Vipimo vikafutwa kimoja baada ya kingine hadi kikabaki cha malaria, na hicho nacho nadhani alikiacha kwa kunihurumia. Halafu akamgeukia mkulima akamuuliza alishuka Kyela lini. Yule bwana akasema alikuwa huko kwa shemeji yake, amesaidia kuvuna mpunga, amerudi majuzi tu. Mzee Asajile akanitazama. Huku kwetu juu, kwenye ukungu na viazi, malaria huwa mgeni. Hupanda na watu wanaotoka kwenye joto la Kyela. Swali hilo moja limenifaa kuliko vifaa vingi nilivyoletewa baadaye vikiwa kwenye maboksi yenye picha.

Hadubini ya wakati ule ilikuwa ya kioo cha kuakisi mwanga, ilitaka jua, na jua la Tukuyu mnalifahamu lilivyo na maringo. Mtu wa maabara alikuwa Hamisi, mzaliwa wa kata ya Bagamoyo pale mjini Tukuyu, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Alikuwa anakaa dirishani na vioo vyake vya matone ya damu vimepangwa, anangoja mawingu yaachane. Siku nyingine yaliachana kwa dakika chache akasoma viwili, vingine vikalala. Mimi nilizoea kumsimamia mgongoni nikimuuliza kama ana hakika. Siku moja aliniinukia, akanipa kiti, akaniambia nisome mwenyewe. Nikasoma. Niliona vumbi nikalipa jina la ugonjwa. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na tangu siku hiyo nilishuku macho yangu kwanza kabla ya yake.

Kutoka kwa mzee Asajile nilichukua pia tabia ya kusema kwa sauti ninachodhani kabla majibu hayajafika. Mlikuwa mnanicheka nikiongea peke yangu chumbani. Sababu yake ni hii: karatasi ikishafika mezani, kila mtu anajifanya alijua. Ukisema mapema kwamba hii ni nimonia, halafu karatasi ikasema vingine, mna ugomvi wewe na karatasi, na ugomvi huo ndio kazi yetu. Usiposema, unakuwa tarishi wa maabara tu.

Mzee Asajile alistaafu, akafariki, tukamzika kwake na sweta lake likabaki kwenye msumari wa chumba cha dawa hadi panya walipolimaliza. Vikaja vipimo vya haraka, tone la damu na mistari, hata mawingu hayana kazi tena. Nilivipokea kwa shingo upande. Vilipokuwa vinasema hakuna malaria, watu waligoma kuamini, na baadhi ya wenzangu wakawa wanawapa dawa hivyohivyo. Nikawauliza walimtoboa mgonjwa kidole kwa ajili gani. Siku ile hakuna aliyekunywa chai na mimi.

Baadaye ikaja fasheni ya taifodi. Mjini zilifunguka maabara za watu binafsi, na kila anayeingia na uchovu akawa anatoka na karatasi yenye neno hilo. Mtu amelima shamba la chai siku nzima, mgongo unauma, kichwa kinauma, anaambiwa ana taifodi. Wagonjwa wakaanza kuja wameshajipa jina: "Dokta, ile taifodi yangu imerudi." Nikamwomba Hamisi atupime sisi wenyewe watumishi kwa kile kipimo cha matone kwenye kigae, wote wazima, tumetoka kula ndizi na maharage. Wengi tukaonekana tuna taifodi, mimi nikiwa wa mbele. Mlinzi alikuja kuniuliza kwa siri kama aanze sindano. Nikamwambia aanze kufagia, tuone kama atadondoka.

Msidhani nachukia vipimo. Kipimo kinajibu swali uliloliuliza, kwa kitu ulichokiweka ndani yake. Hakijui kama swali lilikuwa la kijinga, wala hakijui kile kitu kimetoka wapi. Hayo mawili ni ya kwetu. Anayekuja akisema nimpime mwili mzima nilikuwa namwambia avue shati kwanza, nianze na macho.

Sasa niwaeleze habari ya msichana nitakayemwita Sekela. Jina nimelibadilisha, na ya jamaa zake pia.

Baba mkwe wake, nimwite Gwakisa, ni rika langu. Tulichunga ndama pamoja hapa Kyimo tukiwa wadogo, tukaogopa fimbo za mwalimu mmoja, kisha yeye akahamia Isongole kulima viazi. Kwa wasio wa huku, nieleze mila moja. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, hamtaji jina, haketi chumba kimoja naye. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani hadi mzee apite. Na wenzake wa rika la mzee huyo nao ni wakwe vilevile. Si chuki wala woga, ni heshima, na wengine tumelelewa humo hadi tunaona raha. Vijana wa mjini wameshaiacha. Nyumba ya Gwakisa haikuiacha.

Walikuja asubuhi ya mvua kwa bodaboda mbili. Ya kwanza ilimleta Gwakisa peke yake, na mwavuli. Ya pili, ikiwa nyuma kwa mbali, ilimleta mkewe, Mama Lusajo, pamoja na Sekela. Lusajo mwenyewe, mume wa binti, alikuwa Mbeya kwenye kazi ya ujenzi. Alikuja nyumbani msimu wa kupanda viazi, akarudi. Gwakisa akakaa kwenye benchi la barazani, lile refu la mbao za mkaratusi, akanisalimia kwa utani wetu wa siku zote. Lakini utani ulikuwa mfupi. Akanipa karatasi ya maabara moja ya mjini na kuniambia mkwe wake ana taifodi, sindano amechomwa siku nyingi, na badala ya kupona anazidi kuisha.

Ndani, Sekela alikaa amegeukia ukuta, kitenge kimemfunika kichwa chote. Nilifahamu haraka kwamba hakuwa anaficha ugonjwa. Alikuwa ananikwepa mimi, rika la mkwe wake. Niliyekuwa naye chumbani ni Sista Atupele, ambaye wengi wenu mnamfahamu, mama mkimya mwenye mikono mizuri. Kila nilichouliza, Sekela alimnong'oneza Mama Lusajo, na Mama Lusajo akanijibu. Tumbo linauma? Linauma, chini. Anatapika? Kidogo. Kizunguzungu? Akisimama. Nikauliza siku zake za mwezi zikoje. Hapo Mama Lusajo akajibu moja kwa moja kwamba ziko sawa, wala hakuinama kumuuliza mwenyewe.

Hilo nikalishuku. Mtu aliyeuliza kila kitu, mpaka kama mgonjwa ameota ndoto, ghafla anajibu kwa niaba. Simlaumu. Mama mkwe ataanzaje kumuuliza mke wa mwanawe habari hizo mbele ya mwanaume, tena mwanaume ambaye ni mkwe? Nikasema kwa sauti, kwa Atupele, kwamba mwanamke mwenye umri wa kuzaa na tumbo linalouma ni mjamzito hadi mkojo ukatae. Nikaagiza kipimo. Atupele akampa Sekela kikombe, na Mama Lusajo akatoka naye ili amsaidie kutembea. Mimi nikaendelea na wengine.

Kikombe kikafika maabara, majibu yakarudi: hakuna mimba. Nakumbuka jinsi chumba kilivyolegea. Atupele akapumua. Njia nyepesi ilikuwa wazi mbele yangu, imefagiliwa kabisa: mgonjwa ana karatasi ya taifodi, mimba haipo, mpe dripu, mbadilishie sindano, alazwe aangaliwe. Hakuna ambaye angenilaumu. Wala mimi mwenyewe nisingejua.

Lakini Hamisi, kwa mazoea yake ya kutopoteza mkojo wa mtu, alikuwa amechovya pia kile kijiti chenye rangi nyingi, na chini ya majibu akaongeza kwamba kuna sukari, nyingi sana. Nikaisoma mara mbili. Binti mwembamba, umri ule, sukari kiasi kile kwenye mkojo? Mwenye sukari hivyo hunywa maji hadi anaona haya kuomba, na haja ndogo haimpi nafasi ya kukaa. Huyu alikuwa amekaa ukutani tangu asubuhi, hajaomba maji, hajaomba choo. Wajawazito wengine hupitisha sukari kidogo, hilo najua, lakini si kwa kiwango kile, na karatasi ileile ilikuwa inakana mimba. Karatasi moja ilikuwa inaniambia mambo mawili ambayo hayawezi kukaa kwenye mwili mmoja.

Nikaanza na Hamisi, kama kawaida. Nikamuuliza kama hakuchanganya vikombe. Akanitazama kwa namna ambayo ilinirudisha kwenye kile kiti cha dirishani. Akasema kikombe cha mkojo kilichoingia tangu alipofungua mlango ni hichohicho. Nikashuku vijiti, labda vimeingia unyevu, maana mvua yetu haisazi kitu. Hamisi akachovya kimoja kwenye mkojo wake mwenyewe, bila kuniomba ruhusa wala kunificha; kikatoka safi. Basi nikamwomba Atupele amtoboe Sekela kidole apime sukari ya damu. Ikaja ya kawaida kabisa, ya mtu asiye na kisukari.

Nikasimama mlangoni pa chumba changu nikatazama baraza. Mtaniuliza nilikuwa natafuta nini, sijui. Nilitaka tu kuona njia ambayo kile kikombe kilipita. Choo cha wagonjwa kiko mwisho wa baraza, upande wa kulia. Upande wa kushoto ni mtaro uliokuwa umefurika. Na katikati ya chumba na choo, miguu imenyooshwa, mwavuli umeegemezwa ukutani, alikaa rafiki yangu Gwakisa kwenye benchi.

Nikamwita Mama Lusajo akaja hadi mlangoni, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yeye huamka usiku kwenda haja ndogo.

"Mara nyingi mno," akasema. "Na kiu haiishi. Umejuaje, dakitali?"

Nikamuuliza kikombe kile kilijazwa na nani. Akaniambia, pole kwa pole, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyakyusa, kwamba walipotoka tu Sekela alimwona baba mkwe, akaganda, akakataa kupiga hatua. Kurudi kwangu na kikombe kitupu waliona aibu. Kwa hiyo yeye akaenda, akakijaza, akakikabidhi dirishani pa maabara.

"Ningefanyaje, baba? Apite na mkojo mkononi mbele ya mkwe wake? Nilijua mkojo ni mkojo, mnatafuta tu wadudu wa taifodi."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Alikuwa amefanya ambacho mama mkwe mwema angefanya, alimfichia binti aibu yake. Na kwa wema huo kipimo chetu kilikuwa kimetuhakikishia, kwa kinywa kipana, kwamba bibi wa wajukuu hana mimba.

Sasa ikabidi nimwondoe Gwakisa barazani bila kumweleza, maana kumwambia sababu ingekuwa aibu kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikamwambia twende nyuma ya stoo akanisaidie kuangalia bomba la tangi linalovuja. Akainuka, akanifuata, tukasimama chini ya mchirizi wa bati. Bomba halikuwa linavuja. Akalitazama, akanitazama.

"Ambele," akaniita kwa jina langu, "wewe hujawahi kunionyesha bomba. Huyu mtoto anakufa?"

Nikamwambia sijui, na ndiyo maana nimemwita huku. Maji yalikuwa yanamdondokea begani, hakusogea. Kisha akaniambia kwamba binti huyo ndiye aliyemuuguza mama mzazi wa yeye Gwakisa kitandani hadi mwisho, alimwosha na kumgeuza, wala hakuwahi kusikika akilalamika. Akasema, "Uso wake siujui. Lakini chakula cha nyumba yangu ni cha mkono wake. Usiniambie kitu cha kunifurahisha." Nilimpenda sana Gwakisa saa ile, na niliogopa. Nimeogopa mara nyingi kazini, ila mara chache nikiwa na rafiki yangu pembeni anayenitazama midomo.

Kule ndani, baraza likiwa tupu, Atupele alimshika Sekela mkono akampeleka choo. Aliniambia baadaye kwamba njiani binti alimlegea mikononi, akamkalisha, wakaendelea. Baada ya muda Atupele akatokea kwenye kona ya stoo, akainua tu kile kipimo kwa vidole viwili. Mistari miwili: mimba ipo.

Nikarudi nikakaa nje ya pazia, mgongo kwa mgonjwa, nikauliza na Atupele akamshika tumbo. Safari hii Mama Lusajo nilimwomba abaki nje, na sauti ya Sekela nikaisikia kwa mara ya kwanza, nyembamba, ikimjibu Atupele. Siku zake zilikosekana, akadhani ni kwa sababu ya sindano. Tumbo ni gumu, linauma zaidi upande mmoja. Macho meupe ya kuishiwa damu. Mapigo yanakimbia. Na bega linamuuma, akasema, tangu jana, ingawa hakubeba mzigo. Hilo la bega ndilo lililoniinua kwenye kiti. Damu ikivuja tumboni huweza kuumiza bega, na mtu asiyeulizwa hawezi kulitaja, kwa kuwa yeye amekuja kwa ajili ya tumbo.

Hatukuwa na kipimo cha picha. Kilikuwa mjini, na siku ile foleni yake ilijulikana. Mmoja wenu, simtaji, alishauri tungoje hadi kesho tupate uhakika kwanza. Alitumia maneno yangu mwenyewe, kwamba nisiamini nisichokiona. Nikamwambia kushuku si kusita. Nilikuwa nashuku mimba nje ya kizazi. Kama nimekosea, binti atakuwa amesafiri bure kwenye mvua, na watanicheka hospitalini. Kama sijakosea na tukalala nayo, hataiona kesho. Makosa mawili hayo hayana uzito mmoja, na anayengoja uhakika mbele ya mizani kama hiyo anajilinda yeye, hamlindi mgonjwa. Tukamwekea kanula mbili kubwa mishipani, dripu zikafunguliwa, nikapiga simu hospitalini nikasema waandae chumba cha upasuaji na damu. Aliyepokea akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, waandae.

Gari la wagonjwa likawashwa. Gwakisa hakuweza kupanda, bila shaka, kwa kuwa mkwe wake alikuwa ndani. Nami sikuweza, kwa sababu ileile. Akaenda Atupele na Mama Lusajo. Gwakisa akaita bodaboda akaondoka nyuma ya gari, mwavuli umepinduliwa na upepo kabla hajafika barabarani, akaushikilia hivyohivyo. Mimi nikarudi chumbani kuona wagonjwa wengine, na sikumbuki hata mmoja wao alikuwa na nini.

Jioni haijaingia daktari wa hospitali akanipigia. Mimba ilikuwa kwenye mrija wa uzazi, mrija umepasuka, tumbo lilikuwa limejaa damu. "Yuko hai," akasema. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda maabara nikakaa kwenye kiti cha Hamisi nikalia. Hamisi akaendelea kuosha vioo vyake. Ni mtu muungwana.

Gwakisa alikuja kituoni baadaye, binti alipokwisha kurudi nyumbani, amebeba gunia la viazi kwa ajili ya watumishi. Safari hii nilimweleza habari ya benchi, lakini ya kikombe sikumweleza, na hadi leo nadhani anashuku. Akaliendea lile benchi, akainama akashika upande mmoja. Nikashika wa pili. Tukalibeba wazee wawili, tukihema, hadi upande wa stoo, ambako mtu anayekaa hatazami mlango wa chumba wala wa choo. Hakuna waraka ulioandikwa. Mliokuja baadaye mlilikuta pale mkadhani ndipo lilipozaliwa.

Mama Lusajo alikuja kumsindikiza mgonjwa, akaondoka akiwa mgonjwa na yeye. Sukari yake ilikuwa imepanda kwa muda mrefu bila mtu kuuliza. Sasa anahudhuria kliniki, anameza dawa, anagombana na manesi kuhusu chai yake. Siku mliyoniaga alikuja na mkungu wa ndizi, akasema umetumwa. Nikamuuliza na nani. Akaonyesha kwa kidevu nje ya ua. Pale nje, nyuma ya uzio wa michongoma, alisimama mwanamke amenipa mgongo, kitenge kichwani, na mgongoni kwake mtoto amelala. Mimi nisiyeamini nisichokiona, mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote sura yake siijui. Nilisimama nikamtazama mtoto hadi mmoja wenu alipoita kwamba keki inakatwa.

Sasa hicho kitu cha juzi. Nilipita kuchukua dawa zangu za presha, nikakuta benchi limerudishwa barazani, njiani kuelekea choo. Kijana wa mapokezi akaniambia kwa heshima kwamba wameliweka pale wagonjwa wapate jua, na kwamba pale stoo lilikuwa halina maana. Nikamwitikia. Kwenye benchi walikaa wazee wawili wa kutoka Isongole, na karibu na mlango wa chumba alisimama mwanamke kijana, kikombe kitupu mkononi, ametazama ukuta.

Niliwaomba wale wazee wanisaidie kidogo. Benchi lile ni zito, na mgongo wangu bado unanidai. Kwa hiyo mkilikuta upande wa stoo na mkaanza kuulizana ni nani, msimshuku mlinzi. Ni mimi, na mkilirudisha nitakuja tena.